Kujifanya Mwanajeshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamelenga wakazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo sheria ya Tanzania ndiyo inayoanza. Za Marekani na kwingineko ziko mbele kidogo, maana huulizwa sana na wanaofuatilia habari za huko. Namba za vifungu ni zile zilizozoeleka mahakamani kabla ya Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Kama unaandika hati ya mahakama, fungua toleo hilo kwanza uhakikishe namba.

Je, Tanzania ina sheria maalumu ya kumwadhibu anayejidai mwanajeshi?

Sheria moja yenye jina hilo haipo. Anayekamatwa Mbagala au Tegeta hushtakiwa kwa vifungu vilivyotawanyika, kutegemea alichokifanya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa: kifungu cha 100 kinahusu kujifanya mtumishi wa umma, cha 178 kuvaa sare bila ruhusa, cha 302 kujipatia mali kwa udanganyifu, na vya kuanzia 333 kughushi nyaraka. Akitumia simu au mtandao, inaingia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Akitumia sare au kibali cha uongo kuingia eneo linalolindwa, anakutana na Sheria ya Usalama wa Taifa, Sura ya 47, na hapo mambo yanakuwa mazito kweli.

Kifungu cha 100 kinadai nini hasa?

Vitu viwili, na vyote lazima viwepo. Kwanza, mtu ajitambulishe kwa uongo kuwa ameajiriwa katika utumishi wa umma, na kwa Kanuni ya Adhabu askari wa jeshi na wa polisi wamo. Pili, afanye jambo, au aende mahali ili kulifanya, kana kwamba ajira hiyo ndiyo inayompa mamlaka. Kusimamisha bodaboda na kudai leseni ni jambo. Kuingia duka la Kariakoo na kutangaza "ukaguzi" ni jambo.

Kifungu hakikutaja adhabu yake chenyewe. Ni kosa la daraja la chini, kwa hiyo kifungu cha 35 kinatumika: kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote. Ndiyo maana waendesha mashtaka hupenda kuongeza shtaka la 302 pale fedha ilipopita mkononi, kwa sababu lile linafika miaka 7.

Kuna jamaa kijiweni kila jioni anajigamba ni kapteni wa JWTZ. Ni kosa?

Kwa majigambo peke yake, kesi ya kifungu cha 100 haisimami. Amesema uongo, lakini hajafanya lolote kwa jina la cheo hicho. Siku atakapomwambia muuza chips "mimi ni mjeda, silipi", au atakapomtisha mpangaji ahame kwa amri ya jeshi, mstari ameuvuka. Wengi hukasirika wakisikia hivi, lakini tofauti hiyo ni ya maana: polisi wakianza kukamata kila anayejisifu baa, mahabusu za Dar zitajaa kabla ya saa tatu usiku.

Na anayejidai mstaafu, au mpiganaji wa Vita vya Kagera?

Hapa kuna tundu ambalo watu hawalioni. Kifungu cha 100 kinamhusu anayejidai *ameajiriwa*. Anayesema "nilikuwa mwanajeshi" hajidai ajira ya sasa, kwa hiyo shtaka hilo linaweza kumteleza. Kinachomshika ni manufaa: akichangisha fedha msikitini au kanisani kama majeruhi wa vita, au akipata kazi ya ukuu wa ulinzi kwenye kampuni kwa hati ya uongo, anaingia kwenye udanganyifu na kughushi.

Kwa mwajiri anayetaka kuhakikisha, anzeni na hesabu ya umri. Vita vile vilipiganwa 1978 na 1979. Aliyezaliwa 1970 alikuwa na miaka 8 au 9, hakupigana. Lakini msimkatae mzee kwa sababu tu hana namba ya JWTZ, maana mgambo nao walikwenda vitani. Ombeni hati yake halisi ya kumaliza utumishi, siyo nakala, kisha andikeni barua jeshini kuulizia. Hati yenye lamineshoni mpya inayong'aa kwa utumishi ulioisha miaka ya 80 iangalieni mara mbili.

Sheria ya sare inakataza nini?

Kifungu cha 178 kinamkataza asiyetumikia jeshi kuvaa sare zake, au vazi lolote lenye mwonekano wa sare hizo au alama zake za pekee. Kuna ngazi za ubaya: kuivaa tu, kuivaa kwa namna inayoidhalilisha, na kuiingiza nchini au kuiuza.

Msisitizo uko kwenye *mwonekano*. Kujitetea kwamba "hii siyo kombati ya JWTZ, ni ya Wajerumani" hakusaidii sana kama mpita njia wa kawaida hawezi kuzitofautisha. Na ndilo kosa la wengi: wanadhani bila nembo na bila cheo begani wako salama.

Mstaafu naye asijidanganye. Akishatoka jeshini hatumikii tena, na kombati aliyobaki nayo si nguo ya kwendea shamba Kibaha.

Nimenunua suruali ya mabaka kwenye mitumba ya Karume. Inahesabika?

Inaweza. Mitumba huja na mabaka ya majeshi ya Ulaya na Marekani, na muuzaji naye huwa hajui alichonacho mpaka balo lifunguliwe. Suruali ya rangi moja ya kijani yenye mifuko ya pembeni haina shida. Kaptura ya mtoto yenye mabaka ya waridi haifanani na ya mwanajeshi yeyote. Shida ni mabaka ya kijani, kahawia na nyeusi, hasa shati na suruali vikivaliwa pamoja, tena na buti. Anayeuza ana hatari kubwa kuliko mvaaji, kwa kuwa kuuza ni kosa la peke yake.

Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wote wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo kuyasalimisha. Tangazo lile liliwagusa hata wasanii na kampuni za ulinzi. Kuisha kwa siku 7 hakukuhalalisha kilichobaki kabatini.

Basi niifanyeje?

Usiiuze, usimpe mtu, usiitupe jalalani Pugu ambako mwingine ataiokota na kuitumia. Ikunje, itie kwenye mfuko usioonyesha, ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu, kambi ya jeshi, au ofisi ya serikali ya mtaa. Ukienda serikali ya mtaa, mwombe mtendaji aandike kipande cha karatasi chenye tarehe, idadi ya nguo, saini na muhuri. Ukiongozana na mjumbe ni bora zaidi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea mtu akija kusema "huyu alikuwa na kombati".

Kosa tunaloliona likirudiwa ni mtu kuivaa njiani akienda kuisalimisha. Usicheke, hutokea.

Tunapiga filamu au video ya muziki na tunahitaji wahusika wanajeshi.

Kifungu chenyewe kimeacha nafasi kwa maigizo ya jukwaani na maonyesho. Lakini nafasi hiyo iliandikwa zama za ukumbi wa tamthilia, siyo za kupiga picha Coco Beach katikati ya watu. Andikeni barua ya kuomba ruhusa jeshini mapema, mkiambatanisha muswada, majina ya waigizaji na sehemu za kupigia. Siku ya kazi, nguo zikae kwa mtu mmoja, zivaliwe eneo la kazi tu na zirudishwe kabla ya chakula. Mwigizaji akienda genge la jirani kununua soda na kombati, maigizo yameisha.

Kwa sherehe ya kuagwa bibi harusi, vazi la mabaka kama mada ya shughuli ni wazo baya. Tafuteni kitenge.

Mtu anasema yeye ni ofisa wa jeshi na atanipatia nafasi ya JKT au JWTZ kwa fedha.

Ni tapeli. Hata kama kweli ni mwanajeshi, bado anachokuomba ni rushwa. Nafasi haziuzwi. JKT ya kujitolea hupitia ofisi za wilaya na mikoa baada ya tangazo, na JKT yenyewe husema wazi kwamba mafunzo yake si ahadi ya ajira. JWTZ hutangaza kwa umma sifa na namna ya kuomba.

Mtindo wao haubadiliki sana. Huanza na kiasi kidogo cha "fomu". Halafu "vipimo vya afya", kisha "sare na buti", mwisho "nauli ya kwenda kambini". Kila malipo yana sababu inayoingia akilini, ndiyo maana mtu hujikuta ameshalipa mara nne. Hupenda kukutana getini mwa kambi, Lugalo kwa mfano, kwa sababu ukimwona amesimama pale unaamini ametoka ndani. Muulize kitu kimoja: akuingize mapokezi, aandikishe jina lake na lako kitabuni. Hapo simu yake italia ghafla.

Nimeshamlipa. Nianzie wapi?

Kimbilia muda, siyo hasira. Ukimpigia kumtukana, atazima laini na fedha itatolewa kwa wakala ndani ya dakika chache.

Kwanza piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, 100, ueleze kwamba umetapeliwa, na uwape namba ya muamala. Fedha ikiwa bado kwenye akaunti yake, kuna uwezekano wa kuizuia, ikishatolewa, haizuiliki. Kisha ile namba iliyokutumia ujumbe wa utapeli ipeleke 15040, ambayo ndiyo namba ya kuripoti.

Pili, hifadhi ushahidi kabla simu haijapotea au kujaa. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokutia aibu. Piga picha skrini ya kila muamala ikionyesha jina lililosajiliwa, namba, kiasi, tarehe na saa. Jina lile linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo mara nyingi ni la mtu mwingine kabisa, aliyeuza au kuazimisha laini yake, lakini ndiyo mlango wa kwanza wa mpelelezi. Andika kwenye daftari alichojitambulisha nacho: jina, cheo, kikosi, na maneno aliyotumia. Watu huja kituoni wakieleza alichoahidi tu. Ahadi haitoshi. Alichosema *kuwa yeye ni nani* ndicho kinachobeba shtaka la kujifanya mtumishi wa umma.

Tatu, nenda kituo cha polisi, Oysterbay, Chang'ombe, Msimbazi au chochote kilicho karibu, ufungue jalada na upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Usiondoke na "tutakupigia" bila namba ya RB, kwa sababu bila hiyo hakuna wa kumuuliza wiki ijayo. Kufungua jalada hakulipiwi.

Nne, wengi hujizuia kwa kuogopa kwamba nao walitoa rushwa. Hofu hiyo ina msingi: kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa anayetoa na anayepokea. Kama ulijua unanunua nafasi, zungumza na wakili kabla ya kuandika maelezo. Kama uliamini ni ada halali ya fomu, sema hivyo hivyo, na uonyeshe ujumbe ambamo aliiita ada. TAKUKURU hupatikana bure kwa 113.

Matapeli wanaijua hofu hii na wanaitegemea.

Nitamtambuaje kwa mazungumzo tu?

Vyeo huwaumbua. JWTZ lina koplo, sajenti, staff sajenti, sajinitaji, ofisa mteule daraja la pili na la kwanza, kisha luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia jenerali na kupanda. Halina mkaguzi wala "inspekta". Hao ni wa polisi. Na polisi hawana kapteni wala kanali. Anayejiita "Inspekta wa JWTZ" amejimaliza mwenyewe. Koplo na sajenti wako pande zote mbili, kwa hiyo hao hawakupi jibu.

Namba za askari wa JWTZ huanza na MT, na matapeli wanalijua hilo, basi usiichukulie namba kama uthibitisho. Kitambulisho cha kuonyeshwa haraka kupitia dirisha la gari pia si uthibitisho. Na mwanajeshi wa kweli hana kazi ya kukutoza faini ya barabarani, awe na kitambulisho asiwe nacho.

Tumemkamata mtaani. Tumfanyeje?

Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mfungieni ofisi ya serikali ya mtaa, pigeni 112, na watu wawili au watatu wakae naye. Msimvue sare: ikivuliwa na wananchi na kuletwa kwenye kiroba, mtetezi wake atasema mlimbambikia. Pigeni picha akiwa ameivaa. Mkimpiga, kesi mbili zinafunguliwa badala ya moja, na ya kwenu ina mashahidi wengi zaidi.

Kesi hizi huanguka wapi?

Mara nyingi kwenye shahidi mmoja anayekosekana. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mshtakiwa *si* mwanajeshi, na njia iliyonyooka ni mtu kutoka jeshini aje aseme jina hilo halimo kwenye kumbukumbu zao, au sare hii ni yao. Jeshi lisipoleta mtu, kesi inaahirishwa Kisutu au Kinondoni hadi mlalamikaji anachoka kuhudhuria. Sababu ya pili ni mlalamikaji "kuyamaliza nyumbani" baada ya kurudishiwa nusu ya fedha. Ya tatu ni sare kupokelewa kituoni bila kuandikiwa hati ya ukamataji, kisha haijulikani ilipita mikono ya nani.

Marekani wana ile sheria ya "ushujaa ulioibwa". Inafanyaje kazi?

Wamekuwa nayo mara mbili, na historia yake inafundisha kuliko maandishi yake. Ya kwanza, ya 2005, ilitiwa saini na George W. Bush Desemba 2006. Ilifanya kuwa kosa kusema tu kwa uongo kwamba ulitunukiwa nishani ya kijeshi: hadi miezi 6 jela, au mwaka 1 kama nishani uliyojidai nayo ni Medal of Honor, ya juu kuliko zote.

Mwaka 2007 Xavier Alvarez, mjumbe wa bodi ya maji huko California, alisimama kikaoni akasema alikuwa askari wa majini kwa miaka 25 na ana nishani hiyo. Yote uongo. Alitiwa hatiani, akakata rufaa, na 28 Juni 2012 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikaifuta sheria hiyo kwa kukiuka uhuru wa kusema. Hoja iliyoiangusha ni kwamba iliadhibu uongo mtupu, popote uliposemwa, hata kama aliyeusema hakupata kitu.

Sheria ya pili ilitiwa saini na Barack Obama tarehe 3 Juni 2013. Sasa lazima mtu ajidai kuwa na nishani zilizotajwa *kwa nia ya kupata* fedha, mali au manufaa mengine yanayoshikika. Adhabu haizidi mwaka 1. Kuvaa nishani tu, bila kujidai kwa maneno, si kosa tena kwa sheria hiyo. Ukiilinganisha na kifungu chetu cha 100, utaona Wamarekani walizunguka miaka 6 wakafika karibu na pale kijiwe chetu kilipo: mdomo peke yake hautoshi.

Baada ya hukumu ile wizara yao ya ulinzi ilifungua orodha ya wazi ya waliotunukiwa nishani za ushujaa. Kwa utumishi wa kawaida hutumia hati iitwayo DD-214. Kukosa kumbukumbu si lazima iwe uongo: moto wa Julai 1973 kwenye hifadhi ya St. Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18.

Nchi nyingine?

Uingereza ina sheria ya sare ya 1894, ingali hai. Iliyokataza kuvaa nishani usizostahili iliondoka na sheria mpya ya majeshi ya 2006, na jaribio la bungeni la kuirudisha miaka 10 baadaye halikufika mwisho. Canada inakataza sare na nishani kwa pamoja katika kifungu cha 419 cha kanuni yake ya jinai. Australia ni kali zaidi kwa maneno: kujidai uliwahi kwenda vitani ni kosa. Lakini ndugu wa marehemu wanaruhusiwa kuvaa nishani zake upande wa kulia wa kifua. Mwenyewe huvaa kushoto.

"Jenerali wa Marekani" ananiandikia Facebook, anataka kunitumia boksi la dola. Ni kweli?

Si kweli. Picha zimeibwa kwa mwanajeshi halisi asiyejua lolote. Jeshi la Marekani halimtozi mpenzi wa askari ada ya likizo, ya chakula, wala ya kusafirisha kifurushi. "Ofisa wa forodha" anayekupigia kwamba boksi limefika Uwanja wa Julius Nyerere ni mwenzake, na mara nyingi yuko hapa hapa mjini. Anayejifanya mtu mwingine kupitia kompyuta au simu anakabiliwa na kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au mara 3 ya alichojipatia kama ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7.

Je, mwanajeshi wa kweli anayejipandisha cheo?

Huyo hajidai ajira asiyo nayo. Shauri lake ni la nidhamu ya jeshi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, na malalamiko yapelekwe kwa kamanda wa kikosi chake au kwa Polisi Jeshi. Kama alikutapeli fedha, polisi wa kawaida bado ni mlango wako.